Kikombe cha Alasiri

Jumatano, 9 Februari 1994

Tajiri karudi kutoka Dar na gunia. Kalishusha mwenyewe kwenye basi, hakutaka mtu amsaidie. Hapo tu nikajua lina jambo.

Unga wa kahawa. Umeshasagwa, umefungwa kwenye mifuko ya nailoni isiyo na jina. Anasema Kariakoo siku hizi hakuna mtu anayejisumbua kukaanga buni, hayo mambo ya zamani. Nikafungua mfuko mmoja, nikanusa. Mahindi! Si mahindi matupu — kahawa imo, ila imepita humo kama mgeni asiyelala. Nikamwambia, Tajiri, hii imechanganywa. Akanijibu, biashara sasa huria, Nassibu, kila mtu na mchanganyiko wake.

Kwenye kantini ya kiwanda cha korosho, kabla hawajatufungia, tulikaa hata miezi sita bila kahawa. Lakini ikija ilikuwa kahawa. Sasa ipo kila siku na si kahawa. Sijui tumepanda au tumeshuka.

Miaka minne nipo hapa mgahawani kwa Tajiri Muhidini, stendi ya Kibiti. Buni nakaanga mwenyewe, moto mdogo, nikigeuza bila kusimama, mpaka iwe rangi ya ngozi yangu mimi, si zaidi. Ikivuka hapo imeungua. Natwanga siku hiyo hiyo. Hakuna aliyenifundisha, nimeharibu nyingi tu mpaka nikajua. Leo kinu nimekigeuza chini juu. Kuku kapanda, kakaa.

Ijumaa, 11 Februari

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga.

Tumetundika pazia. Mwaka huu Tajiri kanunua kitambaa cha maua, magunia kayachoka. Nyuma ya pazia watakunywa chai mchana walimu, manesi, mabwana shamba wa kutoka bara na abiria wa mabasi ya Lindi. Mbele ya pazia tutakaa sisi, tukijifanya hatusikii harufu.

Mwalimu Urbano kaja kukagua nafasi yake kabisa, kachagua kiti cha pembeni. Huyu ni mtu wa Mbinga. Kwao wanalima kahawa, halafu wanakunywa chai. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, Nassibu, ukishaibeba mgongoni tangu utoto huna hamu ya kuitia mdomoni.

Utaratibu wa mwezi mtukufu ni ule ule: mchana chai tu, kwa magi kubwa. Vikombe vidogo vya kahawa nimevifungia sandukuni, ufunguo nimeuvaa shingoni. Havitoki mpaka magharibi. Wazee wa barazani hawataki kunywea kikombe kilichonywewa mchana. Hata kikioshwa mara saba watakijua, sijui kwa nini. Mimi sibishani nao.

Mama Shaabani kanicheka nikifunga kufuli. Jina lake Sihaba, mtu wa Mbwera, ndiye wa maandazi, vitumbua na kuchemsha maziwa. Mumewe alikwenda Kilwa mara moja tu, miaka mitatu sasa. Yeye sukari anatia kabla ya majani. Nimemwambia mara mia, majani kwanza, yatoe rangi, ndipo sukari. Leo kasema, kaka Nassibu, chai yako ina sheria nyingi kuliko mahakama ya Utete.

Jumapili, 13 Februari

Aibu. Aibu!

Jana ilikuwa kahawa ya kwanza ya mwezi. Watu wametoka tarawehe, wamejaa barazani, kashata zimepangwa. Nikamimina. Mchana sikuonja, ningeonjaje na nimefunga? Nilipima kwa jicho na pua kama miaka yote. Lakini miaka yote ilikuwa buni yangu, naijua kama jina langu. Huu unga wa gunia kila mfuko una tabia yake.

Mzee Dadi ndiye hupewa kikombe cha kwanza. Ana miaka themanini, meno hana, ulimi anao. Kavuta funda moja. Kasimama. Kamwaga chini taratibu, mbele ya watu wote, kama anamwagilia mchicha.

— Nassibu, mwanangu. Hii umechemsha kahawa au umechemsha bisi?

Wakacheka mpaka basi lililokuwa linapita likapunguza mwendo. Nusu wakahamia kibanda cha ng'ambo, kule wanakokoroga kahawa ya kopo kwenye maji ya thamosi. Ya thamosi!

Tajiri hakunigombeza. Kaniambia tu, mwezi una siku ishirini na tisa, huenda thelathini. Sijalala vizuri.

Jumatatu, 14 Februari

Nimekumbuka la chuoni: mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa akilirudia mara kwa mara. Mkewe hakuwa mpishi mzuri.

Basi leo alasiri, jikoni, nikafungua sanduku, nikatoa kikombe kimoja. Ncha ya ulimi. Tema. Sukutua. Mahindi. Nikaongeza tangawizi kavu. Ncha ya ulimi. Tema. Bado. Chini ya meza ninayo buni iliyobaki, kama kilo mbili, sikumwambia Tajiri. Nikakaanga kidogo nikatwanga. Vijiko viwili vya unga wake, kimoja cha buni yangu. Birika likae pembeni ya moto likitulia, makapi yashuke yenyewe, lisitikiswe. Ndipo nikahamishia kwenye dele la kumiminia.

Barazani Mzee Dadi kanywa. Kanyamaza. Kanyoosha kikombe nikaongeza. Vitatu! Mzee Dadi hasifu kitu, akinyamaza ndiyo cheti.

Jumatano, 16 Februari

Leo nimemeza.

Niandike kama ilivyokuwa, humu hasomi mtu. Nilikuwa na funda mdomoni, kahawa imekaa sawasawa, tangawizi haipigi kelele, uchungu unakuja mwisho kama inavyotakiwa. Ndoo ya kutemea ilikuwa hatua mbili. Hatua mbili tu. Sikuzipiga.

Jumatatu, 21 Februari

Kuandika kila siku nimeacha, maana ningeandika jambo lile lile. Alasiri ikifika natoa kikombe. Siku ya kwanza funda, ya pili mafunda mawili, sasa ni kikombe kizima na nakaa chini kwenye gunia la mkaa. Najiambia ni kipimo. Kipimo cha nini, kikombe kizima? Hata kipimo cha mafuta ya taa hakijazwi kikanywewa.

Cha ajabu kahawa imekuwa nzuri ajabu. Kibanda cha ng'ambo kimebaki na thamosi zake. Watu wanatoka Bungu kuja kunywa. Tajiri anatembea kifua mbele.

Leo mama Shaabani kaingia ghafla kuchukua beseni. Kaniona. Kikombe mkononi, mdomoni rangi. Nikaganda. Kachukua beseni, kafika mlangoni, karudi, kanipa ncha ya kanga yake:

— Futa hapo. Umefanya masharubu.

Basi. Hakuna neno jingine. Jioni kanipa kitumbua cha kufuturia kama kawaida, cha pembeni, kilichokauka, anavyojua napenda.

Alhamisi, 24 Februari

Hili nalo niandike.

Alasiri. Mwalimu Urbano hayupo tangu juzi, kaenda Utete kwa mambo ya mitihani. Nyuma ya pazia hakuna mtu. Nimekaa kwenye mkaa na kikombe changu, nimebakiza kidogo chini. Nikasikia viatu vya Tajiri. Huwa haji jikoni saa hizo, lakini basi la Lindi limekatika springi na alitaka kumwandalia dereva chai. Nikakisukuma kikombe mahali pa kwanza mkono ulipofika: nyuma ya beseni la maandazi. Nikasimama na chujio mkononi.

Mama Shaabani alikuwa amechuchumaa palepale kwenye mtungi. Alikuwa anakunywa maji. Mimi nilijua tangu jana, kwa sababu hakwenda kuswali adhuhuri kwa jirani kama anavyofanya. Ni siku zake, mwanamke hafungi, ni mambo yao na Mungu wao, na mtu mwenye adabu haulizi. Alikuwa anakunywa kwa kujificha ili asitutamanishe sisi tuliofunga. Sisi!

Tajiri kaona kata mkononi mwake na maji kidevuni. Halafu kavuta beseni achukue maandazi ya dereva, na kikombe kikamtazama. Kakishika. Cha moto bado.

— Hiki nini?

Mama Shaabani kaweka kata chini.

— Nauliza hiki nini! Mwezi mtukufu, jikoni kwangu, vikombe vya wazee!

Dereva keshafika mlangoni. Nyuma yake wapiga debe wawili, shingo ndefu. Mama Shaabani kasimama, kajifuta kidevu.

— Kikombe si changu, Tajiri.

— Na maji?

Hapo angesema nini? Aseme mbele ya wanaume wanne kwamba yumo katika siku zake? Kapangusa mikono kwenye aproni. Halafu kanitazama. Si kwa muda mrefu. Wala hakunikazia macho, kanitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake ili amsogezee kiti.

Mimi nikaanza kuosha chujio. Chujio lilikuwa safi.

— Kobe, akasema mpiga debe mmoja, jina la anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, taratibu, kama anaonja neno. Kisha kwa sauti: Kobe huyo! Kobe wa Muhidini!

Tajiri kamwambia avue aproni aende. Kavua, kaikunja mara nne, kaiweka juu ya beseni. Kabla hajatoka kapunguza moto chini ya maziwa yasimwagike.

Ufunguo wa sanduku la vikombe ulikuwa shingoni mwangu muda wote. Juu ya shati. Hakuna aliyeuulizia.

Ijumaa, 25 Februari

Sikuonja. Nimefunga kweli. Imekuwa rahisi, hakuna kinachopita kooni.

Jumanne, 1 Machi

Mama Shaabani kaweka meza yake karibu na nguzo ya simu, vitumbua na maandazi ya kufuturia. Vitumbua vyake vinajulikana kutoka hapa hadi Ikwiriri. Leo nimekaa dirishani nikamtazama tangu saa kumi mpaka adhana. Wamesimama wanne. Mmoja aliuliza njia. Wapiga debe wamemtungia wimbo, sitauandika. Wanawake wanapita upande wa pili wa barabara wakijitanda kanga. Kafunga meza, vitumbua kavirudisha nyumbani kwenye sinia, juu kafunika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Shaabani haendi shule tangu jana. Anasema wamembandika jina, wanamwita yai la kobe.

Hapa mgahawani Tajiri kaleta mtu mwingine wa maandazi. Yanatoka mazito, ukilidondosha moja linatafuta mguu wa mtu. Chai napika mwenyewe sasa, majani kwanza, sukari baadaye, hakuna wa kunibishia. Imekosa kitu. Nimejaribu kutia sukari kwanza. Ni nzuri zaidi. Miaka minne nilikuwa namsomesha mtu anayejua.

Alhamisi, 3 Machi

Mwalimu Urbano karudi. Kakaa kwenye kiti chake nyuma ya pazia, kauliza maandazi yamepatwa na nini. Nikamweleza habari ya kobe kama stendi inavyoieleza. Kasikiliza mpaka mwisho akikoroga chai. Halafu kasema:

— Lakini Sihaba hanywi kahawa. Inampeleka moyo mbio. Nimeshamsikia akiikataa mara ngapi!

Nikafuta meza.

— Nassibu. Kikombe kilikuwa cha nani?

Mwalimu ni mwalimu. Amezoea kumtazama mtu ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Nikamwambia.

Hakunisema vibaya, ingekuwa nafuu. Kasema, ungewaambia ni changu mimi, Urbano. Nikamwambia hukuwepo, ulikuwa Utete. Akasema mimi ni Mkristo, hata ningekuwa Roma ningekubali, mtu wangu, kikombe kimoja tu! Akataka kwenda kwa Tajiri papo hapo akaseme ni chake. Nikamshika shati. Nikamwambia niachie mimi, ni langu, nitalisema mwenyewe. Akaniuliza lini.

Lini. Swali fupi sana.

Jumapili, 6 Machi

Sijasema. Jana Tajiri alikuwa na wageni. Leo kichwa kilikuwa kinamuuma.

Kichwa chake au changu, sikumbuki.

Jumanne, 8 Machi

Nimesema!

Nimemfuata dukani baada ya adhuhuri, akiwa peke yake, anafunga sukari kwenye vikaratasi. Nikasema kwa mkupuo mmoja nisipate nafasi ya kugeuka: Tajiri, kile kikombe kilikuwa changu, mama Shaabani hana kosa, na yale maji ni mambo ya kike, alikuwa na udhuru.

Kafunga kikaratasi alichokianza. Kakipanga na wenzake.

— Najua, akasema.

Nikadhani sikusikia.

— Najua, Nassibu. Nilijua kabla sijakiweka chini. Ufunguo anao nani? Na yule hagusi kahawa.

Nikamuuliza, sasa kwa nini? Sauti yangu ilitoka nyembamba. Kanitazama kwa upole kabisa, ndilo linaloniumiza mpaka sasa, upole ule.

— Watu walikuwa wameshaona. Dereva, wale wahuni wa stendi. Lazima awepo mtu. Ningesema ni wewe, nani angekunywa kahawa yako? Mzee Dadi angekwenda ng'ambo na baraza zima nyuma yake. Wa maandazi nampata kesho. Mtu wa kahawa nimtoe wapi katikati ya Ramadhani?

Kaendelea kufunga sukari.

— Baada ya Idi watu watasahau, nitamwita arudi. Wewe tulia. Na lile gunia ulilolichukia, umeshinda. Nimeagiza buni, ya Bukoba, safi. Keshokutwa inafika. Kaanga unavyotaka.

Nimetoka pale nimepewa kitu nilichokililia mwezi mzima. Na nilishukuru! Mdomo wangu ulisema ahsante kabla sijauzuia. Nimekaa kwenye gunia la mkaa najaribu kukumbuka nilisema kwa sauti gani. Nilisema vizuri tu, kama mtu aliyepewa zawadi.

Alhamisi, 10 Machi

Buni imefika. Punje kubwa, safi, haina hata jiwe moja. Nikamfukuza kuku, nikageuza kinu. Nimekaanga, nimetwanga, nimechemsha, nimetuliza. Sikuonja, haikuwa na haja.

Mzee Dadi kanywa kikombe cha kwanza na kwa mara ya kwanza tangu nimjue kafungua mdomo kusifu. Kasema mbele ya baraza zima:

— Hii ndiyo kahawa. Tangu kobe aondoke, jiko limepata baraka.

Wakaitikia, naam. Mimi nikapita na dele, nikamimina, nikamimina.

Siku tisa nilizokula nitazilipa baada ya Idi, nimeshazihesabu. Hizo zinalipika.

Ijumaa, 11 Machi

Naandika mchana, jikoni, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Mama Shaabani anaondoka. Mwalimu Urbano ndiye kaniambia asubuhi: anarudi kwao Mbwera, na watoto wote wawili, chumba karudisha, meza kauza. Hatasubiri Idi. Gari la mizigo la Nyamisati linatoka baada ya swala ya Ijumaa, awahi boti ya kesho. Mwalimu kasema hivyo, kisha kasimama. Nilipofungua mdomo kueleza mpango wa Tajiri wa baada ya Idi, kachukua chaki zake akaenda.

Nilikwenda kumwona saa tano. Alikuwa anafunga sufuria kwa kamba ya mkonge. Nikamwambia, Tajiri atakuita. Akasema nimesikia. Nikamwambia nimemweleza ukweli Tajiri, anajua yote. Akakaza fundo.

— Anayemwita mwanangu yai si Tajiri, kaka Nassibu.

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakunitaja. Akafikiri, akafikiri kweli, kama hakuwahi kujiuliza.

— Nilidhani utasema mwenyewe. Nilikuwa nakusubiri.

Sasa ni saa nane kasoro. Gari liko mbele ya mgahawa, tairi la nyuma limelala, wanapiga jeki. Namwona kutoka hapa dirishani. Amekaa juu ya magunia ya chumvi, mtoto mdogo mapajani, Shaabani kawapa watu mgongo. Msikiti umetoka. Wazee wamekuja barazani kupumzika kivulini na kutazama tairi, ni burudani ya bure. Mzee Dadi yupo. Tajiri yupo, kashika tasbihi. Yule dereva wa basi la Lindi yupo, sijui katokea wapi. Wapiga debe wote wawili wapo, na leo hata wimbo hawaimbi, wamechoka na funga.

Watu wote ninaowahitaji wamekaa sehemu moja. Hata ningewaandikia barua za mwaliko wasingetimia hivi. Maneno yenyewe ni manne, matano. Kutoka hapa mpaka barazani ni hatua kumi na mbili, nimeshazipiga mara elfu nikiwa na dele la moto mkononi na sijawahi kumwaga hata tone.

Wameingiza tairi jingine. Wanakaza nati.

Nikimaliza mstari huu naweka kalamu chini natoka. Maji nayo yanaanza kuchemka, nimeyateleka mapema leo, sijui kwa nini. Niyaepue kwanza, yakichemka kupita kiasi yanaharibu—

Dereva wa gari la mizigo kapanda. Kapiga honi. Mama Shaabani kageuka, anatazama huku dirishani.